Farasi wa Mikindani na vidonge vya bibi

SWALI

Shikamoo dokta,

Mimi ni mchunga farasi hapa Mikindani, Mtwara. Jina langu naomba lisitoke kwa sababu mwenye farasi naye ni msomaji wako. Farasi ni mmoja tu, dume aliyehasiwa, umri unakadiriwa miaka ishirini na ushee, uzito kama kilo 400. Mzee alimnunua enzi za kubeba wageni ufukweni. Sasa wageni ni wa kuhesabu, mzee kahamia Dar es Salaam, farasi kaniachia mimi.

Tangu kipupwe hayuko sawa. Anachoka haraka, anakohoa usiku, na chini ya tumbo mpaka kifuani pamevimba. Ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Mzee alileta daktari kutoka Dar. Akamsikiliza muda mrefu, akasema valvu ya moyo inavuja na mapigo hayana mpangilio, moyo umeanza kushindwa kazi. Alimchoma sindano ya Lasix. Dokta, alikojoa usiku ule mpaka banda likawa tope, na asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua kwa macho. Tukaachiwa vichupa vya sindano, bwana mifugo akawa anakuja kumchoma. Vimekwisha.

Mzee akaniambia kwa simu, “Dawa ni ileile, nunua vidonge.” Nikaanza na viwili, nikaenda vinne, sasa nampa sita kwa siku. Nasaga, nachanganya na pumba, na siku hizi mabibo yanaanguka nampakia humo anakula vizuri tu. Lakini hakojoi zaidi ya kawaida na uvimbe umerudi.

Bibi yangu naye ni mgonjwa wa moyo na presha. Anameza hiyo hiyo Lasix, enalaprili na dijoksini. Anasema vimemsaidia sana na yuko tayari kugawana na “huyo mjukuu wake wa miguu minne”. Shemeji yangu aliyesoma kidogo mambo ya dawa anasema dijoksini ndiyo yenyewe kwa mapigo yasiyo na mpangilio. Nimpe ngapi?

Mengine ni madogo. Mguu wa nyuma unamuuma tangu zamani, kwa hiyo anapata dawa ya maumivu ya unga karibu kila siku. Kula anakula, tena kwa uroho: mwezi wa saba alivunja mlango wa stoo ya mama jirani anayefuga broila akafakamia chakula cha kuku, na hata sasa akipata upenyo hulamba kinachomwagika. Jioni huwa anabeba watoto wa mtaani mwendo wa pole, hakimbii. Nadhani hilo halina shida.

Mchunga farasi, Mikindani


JIBU

Marahaba mwanangu.

Vidonge vya bibi mrudishie leo, vyote, na umshukuru. Mgonjwa wa moyo anayekatisha dijoksini au enalaprili ili agawane ndiye atakayelazwa, na farasi hatapata nafuu yoyote kwa hasara hiyo.

Sasa tuje kwenye hiyo “dawa ni ileile”. Mzee hakukosea kwenye jina. Lasix ya sindano na Lasix ya kidonge zote ni furosemidi. Kinachotofautiana ni njia ya kuingilia, na kwa farasi njia ya mdomo kwa dawa hii karibu imeziba. Binadamu akimeza furosemidi, takriban nusu yake huingia kwenye damu. Farasi akimeza, inayoingia ni kama asilimia 5, na hata hiyo hubadilika sana kutoka farasi mmoja hadi mwingine.

Fanya hesabu na mimi. Bibi anameza kidonge kimoja cha miligramu 40, mwilini zinaingia kama 20. Wewe ukimpa farasi vidonge kumi, yaani miligramu 400, mwilini zinaingia kama 20 vilevile. Vidonge kumi vya farasi vimelingana na kimoja cha bibi, lakini bibi hana kilo 400. Na wewe uko kwenye sita. Hapo figo zake hata hazijapata habari kwamba kuna dawa. Ungeongeza mpaka umalize duka, bado ungekuwa unabahatisha, kwa sababu hujui leo utumbo utapitisha ngapi na kesho ngapi.

Sindano inaruka kikwazo hicho. Ikiingia, kazi inaanza ndani ya dakika chache, ndiyo ule mkojo uliolijaza banda, na baada ya saa chache nguvu yake imekwisha. Kwa hiyo farasi mwenye moyo ulioshindwa hachomwi mara moja akaachwa. Huchomwa mara mbili kwa siku au zaidi, daktari akipunguza au kuongeza kadiri uvimbe na pumzi vinavyokwenda. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo wako anahitaji kama 400 kwa mchomo mmoja. Vichupa vya hospitali vya miligramu 20 vingetakiwa ishirini kwa mchomo huo mmoja tu. Sishangai vyenu viliisha upesi. Mwambieni daktari awaandikie chupa ya mifugo yenye miligramu 50 kwa kila mililita. Hapo mchomo unakuwa mililita 8 na gharama inavumilika. Bwana mifugo aendelee kuchoma, au daktari akufundishe wewe kuchoma kwenye msuli. Mshipa wa shingo usiuguse. Ateri inayokwenda kichwani imepita jirani yake kabisa, na ukiikosea ukachoma humo farasi anaweza kuanguka kwa degedege juu yako.

Kama sindano za kila siku haziwezekani, muulize daktari kuhusu torasemidi. Ni ya ukoo mmoja na furosemidi, ila yenyewe hunyonywa vizuri utumboni mwa farasi. Imepimwa kwa farasi wachache, tena wazima, kwa hiyo ni uamuzi wa daktari na si wa muuza duka. Ila lipo la kujadili.

Enalaprili nitaipita haraka. Kwa mdomo, farasi haipati. Waliopima damu baada ya kumnywesha hawakuona ya maana, na kile kimeng'enya ambacho dawa hii inatakiwa kukizuia kiliendelea na kazi yake. Benazeprili, ndugu yake, hufanya vizuri zaidi kwa farasi. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anapita mlangoni na mwingine anazuiwa. Ndiyo maana sipendi kusikia “inafanana na ile”.

Dawa ya maumivu si jambo dogo kama ulivyoliweka. Unga huo mara nyingi ni fenilbutazoni, na dawa za kundi hilo hupunguza nguvu ya furosemidi na kuzipa figo mzigo wakati damu inayofika huko tayari ni haba. Usiikate ghafla farasi akaumia mguu bure. Ila mpigie daktari umuulize swali hilo hasa: anajua kwamba farasi huyu anakula dawa ya maumivu karibu kila siku? Nina wasiwasi hakuambiwa.

Dijoksini.

Shemeji yako hakutunga. Dijoksini ni dawa ya farasi kweli, na hasa mapigo yakiwa hayana mpangilio na yanakwenda mbio, ndiyo hutumika kuyapunguza kasi. Tena afadhali hii kwa mdomo inaingia, japo si nyingi, kama moja ya tano. Tatizo lake ni kwamba kiwango kinachotibu na kiwango kinachoua vimekaa karibu karibu. Dawa hutoka mwilini kwa figo, na inachukua karibu siku nzima, wakati mwingine zaidi, kwa nusu yake tu kuondoka. Figo zikizorota kwa sababu moyo hausukumi, dozi ya asubuhi inaikuta ya jana bado ipo, na ya jioni inazikuta zote mbili.

Halafu kuna suala la potasiamu. Furosemidi ikifanya kazi vizuri, potasiamu hutoka na mkojo. Farasi huirudisha kwa kula majani. Mgonjwa akianza kususa majani, potasiamu inashuka, na dijoksini ileile ambayo jana ilikuwa salama leo inaushika moyo vibaya. Binadamu akizidiwa na dijoksini hutapika, watu wa nyumbani wakashtuka. Farasi hawezi kutapika. Utaona amezubaa, ameacha kula, pengine tumbo linamsokota, na wewe utadhani ni ugonjwa wake umeendelea, umwongeze dozi. Kwa sababu hiyo namba uliyoomba sikupi. Anayeanzisha dijoksini kwa farasi awe daktari aliyempima mapigo, anayejua hali ya figo, na mwenye mahali pa kupeleka damu ili isomwe dawa iko kiasi gani. Pasipo hayo isianzishwe.

Na kuna sababu ya pili, nayo umeiandika mwenyewe mwishoni ukaipita kama si kitu. Nimeisoma ile sentensi ya stoo ya broila mara mbili.

Vyakula vingi vya kuku wa nyama huwekwa dawa ya kuzuia koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu. Soma karatasi iliyoshonwa kwenye mfuko utafute jina kama monensini, salinomaisini, narasini au maduramaisini. Kuku anazivumilia vizuri sana. Kwa monensini, kiasi cha kuua kuku ni kama miligramu 200 kwa kilo ya uzito wake. Farasi anauawa na 2 hadi 3. Hakuna mnyama wa kufugwa anayejulikana kuwa mwepesi kwa sumu hii kumzidi farasi. Chakula cha broila kilichochanganywa kawaida huwa na kama miligramu 100 za monensini katika kila kilo, kwa hiyo farasi wako akila kilo 8 ameshafika pabaya, na farasi mwenye njaa aliyevunja mlango hali kilo moja. Hapo tunasema mchanganyiko ni sawa. Kiwandani au kwa mtu anayechanganya kwa koleo sakafuni, rundo moja linaweza kuwa na dawa mara kadhaa ya rundo lingine.

Sumu hizi hushambulia misuli, na kwa farasi msuli unaoumia zaidi ni moyo wenyewe. Anayekula nyingi hutoka jasho, hutetemeka, miguu ya nyuma humlegea na anaweza kufa siku hiyo hiyo au kesho yake. Anayekula kiasi anaweza kuonekana kapona, akarudi kazini, kisha wiki au miezi baadaye moyo wenye makovu ukaanza kushindwa: anachoka, anavimba chini ya tumbo, mapigo yanavurugika. Wewe umeniambia stoo ilivunjwa mwezi wa saba na kwamba kudhoofika kulianza kipupwe. Sisemi ndicho kilichomponza. Valvu kuvuja kwa farasi wa umri wake ni jambo la kawaida na daktari aliisikia kwa masikio yake. Lakini mambo mawili yanaweza kumkuta farasi mmoja, na hili la pili daktari hakuliwaza kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Lina maana gani kwa dawa? Monensini na wenzake huvuruga chumvichumvi ndani ya chembe za msuli wa moyo mpaka kalisi inajazana humo. Dijoksini nayo hufanya kazi yake kwa kuongeza kalisi humo humo. Kumpa dijoksini farasi aliyekula sumu ya chakula cha kuku ni kumalizia kazi ambayo sumu iliianza. Na huyu bado analamba kinachomwagika! Kwa hiyo leo, kabla ya kumpigia mzee, nenda kwa mama jirani, kwa heshima, umwombe akuonyeshe mfuko. Piga picha ya hiyo karatasi umtumie daktari. Kisha mlango wa stoo upigwe komeo la chuma, na mahali panapomwagika pafagiliwe na pazungushiwe. Jirani hana kosa; chakula chake kimetengenezwa kwa kuku. Kama hakina dawa hizo, tutakuwa tumepata jibu kwa bei ya picha moja.

Kuna jingine dogo. Huku kwetu kusini, uvimbe chini ya tumbo la farasi si wa moyo peke yake. Nagana inayoletwa na mbung'o huvimbisha hivyo hivyo, pamoja na homa na upungufu wa damu, na Lindi na Mtwara mbung'o hatujawamaliza. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoambukizwa na visubi, nao una sura yake ya moyo ambayo huvimbisha juu ya macho na kichwani, ila huo huja kwa kasi na homa kali, haungoji miezi. Barua yako haisemi kama damu ilichukuliwa. Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo chao Mtwara mjini. Bwana mifugo anaweza kuchukua damu asubuhi akaifikisha hapo kabla jua halijawa kali.

Wakati mkisubiri, kazi yako ni mapigo. Kila asubuhi kabla hajala, akiwa ametulia, pitisha vidole chini ya taya, pale ndani ya mfupa utaugusa mshipa kama kamba nyembamba inayodunda. Hesabu dakika nzima, usihesabu robo ukazidisha kwa nne, kwa sababu mapigo yasiyo na mpangilio yatakudanganya. Farasi mzima hupiga 28 hadi 44. Andika namba, andika na pumzi, ambazo kwa mzima ni 8 hadi 16. Yakizidi 60 amepumzika, au pumzi zikipanda siku hadi siku, usingoje uvimbe ndiyo upige simu. Mtazame na shingo: akiwa amesimama kichwa juu, mshipa mkubwa wa shingo usiwe umejaa na kucheza mpaka juu.

Maji asinyimwe hata kidogo kwa kisingizio kwamba “amejaa maji”. Chumvi usimwongezee. Majani mazuri apate ya kutosha, mabibo iwe vipande vya kuonja tu maana sukari nyingi itamletea msokoto wa tumbo. Na kwa joto hili la kabla ya mvua, banda lifunguliwe upande unaopata upepo wa bahari.

Watoto washuke mgongoni leo. Hilo si la kujadili na mzee. Farasi mwenye moyo ulioshindwa na mapigo yaliyovurugika anaweza kuzimia akitembea, bila kukohoa wala kuyumba kwanza, na kilo 400 zikianguka hazichagui upande. Hata wewe usimpande. Mwongoze kwa kamba, pole pole, na usisimame mbele yake mahali pa kubanwa ukutani.

Mzee atauliza kama yote haya yatamponya. Mwambie ukweli: hapana. Dawa hizi humpunguzia maji, humrahisishia pumzi, humpa miezi, na mara chache zaidi ya hapo. Kama fedha ya sindano haipo na torasemidi haipatikani, farasi asiachwe asimame usiku kucha akihema na povu puani kwa sababu hakuna aliyetaka kuamua. Kumlaza kwa sindano, yaani kumwua bila maumivu, ni tiba pia, na daktari yuleyule ndiye atakayefanya. Mkubaliane mapema, wewe, mzee na daktari, ni dalili zipi zikitokea ndiyo basi, mziandike. Namba ya daktari ikae kwako na si kwa mzee peke yake, maana wewe ndiye unayelala karibu na banda. Na ikifika huko, shimo liwe refu, mbali na kisima, na mzoga usiachwe kwa mbwa wala kunguru, kwa kuwa dawa ya kumlaza hubaki kwenye nyama.